Revolva Mpya Zimerudi Rafuni

Ukiingia duka la bunduki hapa Kenya ukaomba kuonyeshwa bastola, utawekewa Glock mezani. Ukisema huitaki utaletewa Ceska, bastola ya Kicheki, na hiyo nayo ukiikataa, muuzaji atainama nyuma ya kaunta aibuke na nyingine ya mtindo uleule: magazini (kasha la risasi) ndani ya mpini, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukifyatua), kaliba, yaani kipenyo cha risasi, ya milimita 9. Nimezishika hizo zote na sina ugomvi nazo. Lakini kwa miaka mingi kila nilipouliza revolva, ile yenye silinda inayozunguka na vyumba vya risasi, nilijibiwa kwa swali: "Tukuagizie?" Kuagiza ni kulipa kwanza, kungoja kibali cha kuingiza silaha nchini, kungoja mzigo wenyewe, halafu kupokea chombo ambacho hujawahi kukigusa.

Mwaka huu nimezikuta dukani. Revolva mpya, zina mafuta ya kiwandani na vijitabu vyake ndani ya kasha, zimekaa rafuni zikingoja mnunuzi. Si zile zilizoachwa na mzee fulani aliyehama nchi, wala zile zinazouzwa na familia baada ya matanga. Na sikuzikuta duka moja tu. Nimefurahi kiasi cha kuandika makala nzima.

Ninaishi Nakuru, upande wa Bahati, ninafuga ng'ombe wa maziwa, na nimekuwa na leseni ya bunduki kwa muda mrefu. Nikipata nafasi wikendi huenda kulenga shabaha na wenzangu. Sisi wa huku, shughuli ya bunduki kwa kawaida hutupeleka Nairobi: unapita Gilgil, unapita Naivasha, unamalizia asubuhi yako kwenye foleni ya Waiyaki Way. Kwa hiyo nikisema duka la karibu, nina maana ya duka ambalo naweza kwenda alfajiri nikarudi kwangu kabla ya giza. Muuzaji mmoja anayejua ugonjwa wangu alinipigia simu: "Mzee, zile zako zimefika. Njoo uzione kabla hazijaondoka."

Nilikuta za aina tatu. Ya kwanza Ruger GP100, chuma cha pua kitupu, mtutu wa inchi nne na kidogo, vyumba sita vya risasi ya .357 Magnum, uzito unaopita kilo moja. Ya pili Smith & Wesson 642, ndogo ya kubeba kiunoni, fremu ya alumini, vyumba vitano vya .38 Special, nyundo imefichwa ndani ili isinase nguo. Nzima haina zaidi ya gramu 400 na ushei. Ya tatu Taurus 856 kutoka Brazil, karibu umbo lilelile dogo lakini imebanwa vyumba sita. Kumbuka kwamba ile ya .357 hula pia .38 Special, kwa sababu kipenyo ni kimoja na tofauti iko kwenye urefu wa ganda. Magnum ilipotoka mwaka 1935 ganda lake lilirefushwa milimita tatu na kidogo makusudi, ili mtu asije akaitumbukiza kwenye revolva ya .38 isiyohimili nguvu yake. Mnunuzi wa .357 basi amepata bunduki ya riziki mbili: ya kujifunzia kwa upole na ya nguvu.

Nchi hii iliijua revolva zamani sana. Webley, ile inayokunjuka katikati kama daftari na kutema maganda yote kwa mpigo, iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1887 na ikafuata maafisa wa kikoloni kila walikokwenda. Baadaye ikaja Enfield ya .38, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1932. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walowezi wa Njoro, Molo, Subukia na Naivasha walikula chakula cha jioni revolva ikiwa kando ya sahani, huku wapiganaji wa Mau Mau msituni wakijiundia bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inayotuongoza hadi leo, ilizaliwa miaka ileile. Kwa hiyo wazee wengi wa huku wanapoiona revolva hawaoni sinema ya makauboi. Wanamwona bwana shamba, na kumbukumbu hiyo si tamu. Ninaielewa, na sitaki kuipitia juu juu. Mimi nilifika kwenye revolva kwa mlango mwingine.

Baba yangu mdogo, marehemu sasa, alikuwa polisi Kisumu miaka ya kwanza ya uhuru. Alinionyesha revolva nikiwa kijana, tupu kabisa, mbele ya baba. Kabla ya jina la sehemu yoyote alinifundisha adabu: unaielekeza pasipo na mtu, unaifungua, unamwonyesha mwenzako vyumba vyote, ndipo unamkabidhi ikiwa wazi. Nikishika bastola yoyote leo bado nasikia sauti yake. Nadhani hapo ndipo mapenzi yalipoanza, kwa sababu revolva humruhusu hata mtoto kuona kama imejaa au haimo kitu. Vyumba unavihesabu kwa macho.

Mbona basi ziliadimika? Sehemu ya jibu iko mbali na sisi. Polisi wa Marekani walibeba revolva karibu karne nzima; Smith & Wesson Model 10 pekee imetengenezwa zaidi ya milioni sita tangu ilipoanza mwaka 1899 kwa jina jingine. Tarehe 11 Aprili 1986, jijini Miami, maajenti wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipambana na majambazi wawili. Maajenti wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na revolva, na kujaza revolva upya huku mkono umejeruhiwa ni kazi nzito. Baada ya hapo idara moja baada ya nyingine ilihamia bastola za magazini. Glock nayo ilikuwa tayari: jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, ni nyepesi na ina sehemu chache. Soko la polisi lilipoondoka, viwanda vilipunguza. Kampuni ya Colt iliacha kabisa kutengeneza revolva za kufyatua bila kukoki (kuvuta nyundo nyuma kwa gumba kwanza), na watu wakaizika revolva yake ya Python ya mwaka 1955 kama hadithi ya zamani. Kisha kwa mshangao wa wengi Colt ilirudi: Cobra mwaka 2017, Python mpya mwaka 2020, Anaconda mwaka 2021. Raia wa kawaida walikuwa hawajaziacha. Viwanda vikiamka kule, baada ya muda wimbi hufika hata kwenye kaunta zetu.

Sehemu nyingine ya jibu ni ya hapa nyumbani. Nairobi iliwahi kuwa na maduka ya bunduki yaliyosifika Afrika Mashariki nzima, kama Shaw & Hunter, na wateja wao wakubwa walikuwa wawindaji. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mteja huyo akatoweka. Aliyebaki ni mtu anayetaka kitu cha kujilinda, na huyo hununua anachokiona kiunoni mwa askari: Ceska, Jericho, Glock. Zaidi ya hayo kuna risasi. Kiwanda cha risasi cha Eldoret, kilichoanza miaka ya 1990, hutengeneza milimita 9 pamoja na risasi za bunduki kubwa za jeshi na polisi. Risasi ya .38 Special haimo, lazima ivuke bahari. Mwenye duka akipiga hesabu zake, pesa zilizolala ndani ya revolva isiyo na risasi ni pesa zilizokufa. Simlaumu. Lakini hapo ndipo mzunguko unapotufunga: haagizi kwa kuwa hatuulizi, nasi hatuulizi kwa kuwa hatujawahi kuiona.

Mimi nauliza, na sababu zangu si za kumbukumbu tu. Mwenye leseni wa kawaida huku kwetu ni mkulima, mfanyabiashara au daktari anayefyatua risasi mara chache kwa mwaka. Viwanja vya shabaha haviko kila kona. Mtu wa aina hiyo akiwa na bastola ya magazini anahitaji mazoea: kujua kama risasi imo chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) hata baada ya kuchomoa magazini, kujua la kufanya risasi ikikataa kulipuka au ganda likibanwa na slaidi. Mazoea hayo hufa haraka. Nimewaona watu waungwana, wenye akili zao, wakichomoa magazini na kusema "iko tupu" huku risasi moja imelala chemba. Revolva haina siri hiyo. Risasi ikikataa, unavuta tena na chumba kinachofuata kinajileta chenyewe. Haichagui risasi dhaifu wala yenye umbo la ajabu, kwa kuwa haitegemei nguvu ya mlipuko kujikoki. Maganda hubaki ndani. Ukimaliza unayamwaga kiganjani na hesabu yako imekamilika, jambo lisilo dogo katika nchi ambayo kila risasi yako ina daftari.

Kifyatulio chake nacho ni kirefu na kizito. Bila kukoki nyundo, revolva nyingi kutoka kiwandani hudai kilo nne na nusu au tano za mvuto wa kidole. Wengi hulalamikia hilo. Mimi naliheshimu: kidole kikisafiri umbali ule, umeamua. Ukitaka ulaini uwanjani, kwa zile zenye nyundo ya nje, unakoki nyundo kwa gumba na mvuto unashuka hadi chini ya kilo mbili.

Hasara zipo na asikudanganye mtu. Risasi tano au sita ndizo ulizo nazo, na kujaza upya huchukua muda hadi ujifunze. Zile nyepesi kama 642 hurusha mkono vibaya, na hupenda kununuliwa na wageni kwa sababu ya udogo wake, ambalo ni chaguo baya kwa anayeanza. Na revolva ikigoma kweli, hugoma hasa: bastola ya magazini unaivuta slaidi ikaendelea, ila revolva iliyokwama hutaka meza na fundi. Chanzo kikubwa ni uchafu chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Kwetu Nakuru mwezi wa Februari, vumbi jeupe linapotoka bondeni likaingia hadi kwenye sukari, hakuna udhuru: kila baada ya mazoezi piga brashi chini ya nyota. Piga brashi mtutu ukiwa umeelekea juu, ili masizi yadondoke nje yasiteleze chini ya nyota hiyohiyo.

Sasa nikueleze nilivyozikagua, maana upya wa kitu si dhamana. Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kila hatua, naye alikubali kwa moyo mmoja; asiyekubali mnunulie mwingine. Nilianza na mtutu. Mtutu wa revolva hufungwa kwenye fremu kwa kukazwa, na kiwandani ukikazwa kupita au pungufu, kilengeo cha mbele husimama upande. Iangalie kutoka nyuma, kwa jicho moja, kama fundi anayepima fremu ya mlango. Katika zote nilizozishika, moja ilikuwa imeinama kushoto. Chapa yake sitaitaja, kwani kosa la mtu mmoja wa zamu si hukumu ya kiwanda kizima, lakini niliirudisha mezani. Unaweza kusogeza kilengeo cha nyuma kufidia, ila kwa nini ulipe bei ya kitu kipya kisha uanze kufidia?

Baadaye mwanya kati ya silinda na mtutu. Lazima uwepo, la sivyo silinda haizunguki. Ukizidi, moto na chembe za risasi hutoka pembeni. Mimi nilibeba fila geji, vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi za tapeti. Kwa kawaida mwanya mzuri hauvuki robo ya milimita, na ukishuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, masizi kidogo tu yataifanya silinda isite. Pima kwenye vyumba vyote, kisha sukuma silinda mbele na nyuma uone kama mwanya unabadilika. Ukibadilika sana, silinda inacheza. Kwa sababu ya mwanya huo, kumbuka, usiweke kamwe vidole vya mkono wa pili mbele ya silinda wakati wa kufyatua. Aliyezoea bastola ya magazini hulisahau hilo.

Inayofuata ndiyo roho ya revolva: mpangilio wa wakati. Bila risasi, unakoki nyundo polepole sana huku gumba la mkono mwingine likiigusa silinda kwa uzito mdogo kuizuia kidogo. Silinda inapaswa kufunga, utasikia kijimlio, kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake au palepale inapofika. Ikichelewa, chumba hakijakaa sawasawa na mtutu, na risasi itapita ikikwaruza ukingo. Rudia kwa kila chumba, kwa kuwa kimoja kinaweza kuchelewa wakati vingine viko sawa. Halafu shikilia kifyatulio nyuma na uitikise silinda upande kwa upande. Kucheza kidogo ni kawaida, kucheza sana ni ugonjwa. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa gumba bila kugusa kifyatulio: haitakiwi kuanguka. Mwaka 1973 Ruger iliweka kwenye revolva zake za kikauboi kipande cha usalama kinachozuia nyundo isikifikie kipiga-fataki pasipo kuvutwa kifyatulio, na leo revolva nyingi mpya zina kinga ya namna hiyo. Zile za zamani za kikauboi mwenyewe alibeba tano katika vyumba sita, nyundo ikilalia chumba kitupu.

Mwisho fungua silinda uzungushe kile kijiti cha kusukumia maganda. Kikiwa kimepinda utakiona kikiyumba. Kuta za vyumba ziwe laini, na ncha ya nyuma ya mtutu isiwe na ufa wala chongo. GP100 niliyoipenda ilipita yote hayo. 642 nayo ilipita, ukiacha hatua za kukoki maana nyundo yake imefichwa, ingawa kifyatulio chake kilikuwa na mkwaruzo mdogo ambao nadhani utaisha kwa matumizi.

Kuna jambo linawahusu waliorithi. Vijijini bado kuna familia zenye leseni za Enfield na Webley za babu. Risasi ya Enfield ya .38 si .38 Special. Ya kwanza ni fupi na nene kidogo. Ya pili ni ndefu, nyembamba na yenye nguvu zaidi. Kufanana kwa namba kusikudanganye, na usikubali mtu akutobolee vyumba vikubwa ili "ziingie". Fremu ile ya kukunjuka haikuundwa kwa nguvu hizo. Mpelekee fundi aliyesajiliwa, au iache ipumzike kama ukumbusho chini ya masharti ya leseni yake.

Kuhusu sheria nitapita haraka kwani wenye leseni wanaijua. Hulipi ukaondoka nayo. Bodi ya Leseni za Bunduki lazima iidhinishe kwanza. Kuna cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kuna uchunguzi wa akili, kuna sababu utakayoulizwa uitetee. Desemba 2018 serikali iliamuru wote wenye leseni wahakikiwe upya, na tukapanga foleni tukapewa kadi za kisasa. Leseni huhuishwa kila mwaka na hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Wapo wanaonung'unika. Mimi ni jirani wa Baringo na Laikipia, nimeona bunduki zisizo na karatasi zinavyomaliza mifugo na watu, hadi Februari 2023 serikali ikapeleka jeshi kusaidia polisi kule. Uhakiki haunisumbui. Mwenye silaha halali ana deni kwa majirani zake, na deni hilo hulipwa kwa sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, funguo zisizojulikana na watoto, na ulevi usiokaribia ala ya bastola.

Nimeomba idhini ya ile GP100. Nimeichagua kwa uzito wake, kwani .38 Special ndani yake haisumbui mkono, na mke wangu, ambaye naye ana leseni, aliishika akasema hii anaiweza. Muuzaji ameandika namba ya bunduki hiyo kwenye barua yangu, na imewekwa kando hadi karatasi zikamilike.

Ila nilipomuuliza risasi za .38, alinionyesha visanduku vichache tu, na bei yake ilikuwa juu sana kuliko ya milimita 9. Nilimwambia wazi: ndugu yangu, ukileta revolva bila risasi, baada ya mwaka utasema Wakenya hawazitaki. Akanijibu kwamba ameshaomba kibali cha mzigo mwingine na kwamba angependa kujua ni wangapi wako kama mimi. Kwa hiyo mlioko Kisumu, Kakamega, Eldoret na kwingine huku, mwenye leseni na nia, pigeni simu kwa muuzaji wenu kabla ya kufunga safari. Ulizeni kama revolva iko mkononi au ni ya kuagizwa, ulizeni risasi zake zipo kiasi gani, na mwachieni jina ili aone kwenye daftari lake kwamba tupo.